Omena Walioombewa Mlima Koya

Mwaka 1995 barua ilifika Takawiri ikisema kwamba mwanamke mmoja wa kisiwa chetu angepelekwa Japani majuma sita kujifunza kukausha samaki wadogo. Hakuna aliyebishana kuhusu jina. Mimi, Phelesia, nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha waanika omena, na katika kumbukumbu za mkutano niliandika mstari mmoja tu: "Aende Mama Ken."

Mama Ken ni Zilpah Abuto, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa mtu aliyeitwa kwenye jambo la maana. Ungeweza kumfumba macho, ukampa omena mmoja anuse, akakwambia kama alikauka kwa jua la siku moja au alinyeshewa akaanikwa tena. Wachuuzi kutoka Homa Bay walimwogopa. Kiswahili chake kilikuwa cha ziwani, "sh" zote akizigeuza "s", lakini hakuwahi kukosa neno alilolitaka.

Barua ilisema pia kwamba Zilpah angesindikizwa na "afisa mmoja anayehusika". Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wiki ile tuligundua kwamba wilaya nzima ilihusika na omena. Afisa wa barabara alihusika kwa sababu omena hupita barabarani. Afisa wa misitu alihusika kwa sababu mitumbwi ni miti. Aliyeshinda ni Bwana Nicholas Masese, mtu wa Kehancha, afisa wa mifugo, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kando ya josho akihesabu ng'ombe wanaoogeshwa. Alieleza ofisini kwamba samaki ni mifugo ambao bado hawajajengewa zizi. Wakubwa waliona hoja hiyo ina kina, wakampa tiketi.

Kila mtu alituambia ng'ambo ni baridi. Zilpah alifunga sweta mbili, blanketi na soksi za marehemu mumewe. Bwana Masese alishonesha suti ya sufu ya vipande vitatu. Mchungaji wetu Jeremiah aliwaombea wasafiri, kisha akamvuta Zilpah kando.

"Dada Zilpah, kule kuna sanamu. Usiinamie kitu."

"Sitainama, Mchungaji."

"Hata kama umeangusha kitu."

Zilpah aliahidi. Alimwachia mchungaji omena wa shukrani wa kujaza gorogoro mbili, yale makopo yetu ya kupimia, na kutoka gunia lilelile akajaza mfuko wa zawadi ya kubeba. Kumbuka hilo gunia, maana ndilo lililotuletea balaa.

Walifika Japani mwezi wa Agosti. Haya ninayosimulia ni kama Zilpah alivyotueleza, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi. Anajua chumvi ikizidi samaki huharibika. Alisema joto la kule ni kama kukaa ndani ya sufuria ya ugali iliyofunikwa. Hakuna upepo. Nguo inaloa kabla hujaivaa. Walipelekwa mji mdogo wa pwani, kusini mwa Osaka, ambako watu huchemsha dagaa kwenye maji ya chumvi kisha wakawakausha kwenye trei zilizoinuliwa juu ya vichanja. Zilpah alipoviona alichuchumaa, akaipima miguu ya vichanja kwa shubiri. Sisi tulikuwa tukitandaza omena kwenye nyavu chini, tukigombana na mchanga, kuku na mvua, na kumbe dawa ilikuwa miguu minne ya mti.

Alivaa gamboti na kofia ya plastiki, akaingia kazini. Bwana Masese alikaa mbele ya feni akiwa ndani ya suti, daftari wazi magotini. Suti hiyo hakukubali kuivua, kwa sababu alisema yeye ni uso wa serikali. Siku ya tisa, uso wa serikali ulianguka kifudifudi ndani ya trei ya dagaa waliokaribia kukauka. Walimwinua wakamfuta. Wazee wa Kijapani wakahuzunika sana, na Zilpah hakujua kama walihuzunikia afisa au dagaa.

Mkalimani wao alikuwa msichana anayeitwa Noriko, aliyejifunza Kiswahili Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kikawafanya hawa wawili waone aibu. Akasema, "Mheshimiwa Masese ameathiriwa na joto. Watu wa hapa, joto likizidi, hupanda Mlima Koya. Ni mlima mtakatifu wa Wabuddha. Huko juu kuna mahekalu yanayopokea wageni, na kuna ubaridi mzuri."

Bwana Masese alifumbua jicho moja. "Ubaridi wa namna gani?"

"Usiku unajifunika blanketi."

Akapona palepale.

Jumamosi hiyo walipanda treni iliyojipinda mabondeni, halafu gari la kuvutwa kwa waya lililopanda mteremko kana kwamba linapanda ukuta. Ndani walijaa watu wa mjini wenye vipepeo vya karatasi vya kujipungia na kofia za jua. Wengine walibeba shanga za kusalia. Wengine walibeba kamera. Wengi walibeba vyote viwili, na Zilpah hakuweza kutambua nani amekuja kuomba na nani amekuja kupoa. Noriko, akitabasamu kwa fahari, alisema kule juu ni zaidi ya mita mia nane kutoka baharini.

Zilpah alifikiri. Shuleni, zamani, mwalimu aliwakaririsha kimo cha ziwa mpaka wakaimba. "Noriko, mwanangu, ziwa letu liko mita elfu moja mia moja na kitu."

Noriko alifungua kijitabu chake. "Samahani, Mama. Kina cha ziwa?"

"Hapana. Kutoka baharini kwenda juu. Mahali ninapoanika omena."

"Kwa hiyo Mama, nyumbani kwako ni juu kuliko Mlima Koya?"

"Nyumbani kwangu ni ufuoni," Zilpah alisema. "Mlima uko nyuma ya nyumba."

Bwana Masese alimkanyaga mguu. Akamnong'oneza kwamba si adabu kuushusha mlima wa wenyeji, tena mtakatifu, tena wakati yeye ndiyo kwanza anaanza kusikia nafuu. Na kweli hewa ilikuwa imebadilika. Milango ya gari ilipofunguka, ubaridi uliingia wenye harufu ya miti, kama asubuhi ya Julai kwetu mvua ikipita vilima vya Gembe. Abiria wote wakasema "Aaah!" Zilpah alisema hiyo ndiyo sala ya kwanza aliyoisikia pale, na ilitoka moyoni.

Hekalu walilolala lilikuwa na sakafu za mbao zilizosuguliwa hadi zikang'aa kama maji. Vyumba vilikuwa vya mikeka, milango ya karatasi. Mtawa mzee aliyewapokea alikuwa na kichwa kilichonyolewa na macho ya mtu asiyeharakishwa na yeyote. Aliwaletea chakula kwenye meza ndogo za miguu mifupi: wali, uyoga, majani ya mlimani, kachumbari ya siki, na vipande vya maharage ya soya vilivyokaa kama sponji.

Bwana Masese aliinua kila kifuniko. Akaviinua tena. "Nyama iko wapi?"

"Hapa hawali nyama, Mheshimiwa," alisema Noriko. "Wala samaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Zilpah alikuwa tayari amepiga magoti na mfuko wa omena mikononi, amekwisha kuutoa. Sasa mkono ukabaki hewani. Ungefanyaje? Umevuka dunia na omena, umewafikisha nyumba ambayo samaki haingii. Mtawa aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akaufungua, akawaangalia wale samaki kwa muda mrefu.

"Anauliza ni wangapi," Noriko alitafsiri.

"Mwambie hatuhesabu. Tunapima na gorogoro."

Mtawa alitikisa kichwa polepole. Akabeba mfuko mpaka ukumbi wa ibada, akauweka mbele ya madhabahu, akawasha ubani, akaanza kuimba kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Noriko alieleza kwamba anawaombea roho zao wale samaki, kila mmoja. Zilpah alibaki amesimama mlangoni, ameshika leso. Alituambia alikuwa ameua omena maisha yake yote, kama mama yake na nyanya yake, na haikuwahi kumpitia kichwani kwamba kuna mtu duniani angewaombea. Hakuinama. Lakini alisema shingo ilimwasha.

Asubuhi, baada ya ibada, walipelekwa kwenye makaburi yaliyo chini ya mierezi mirefu mno, makaburi maelfu kwa maelfu, mawe yote yamevaa kuvu ya kijani. Makampuni nayo yana makaburi pale, ya wafanyakazi wao. Kulikuwa na jiwe lililosimamishwa na watu wa kuua wadudu, na Noriko alipowasomea maandishi yake Zilpah alimwomba arudie: "Mchwa, laleni kwa amani."

"Hawa watu wanaua mchwa?"

"Ndiyo kazi yao, Mama."

"Halafu wanawaomba msamaha?"

"Ndiyo."

"Sisi tunawala," alisema Zilpah. "Wenye mabawa. Na hatujawahi kusema hata asante."

Mwisho wa njia kulikuwa na mahali patakatifu kabisa. Noriko alisema waumini huamini kwamba mtakatifu wao mkuu hakufa. Ameketi humo ndani katika tafakari tangu miaka zaidi ya elfu moja na mia moja iliyopita, na kila siku watawa humpelekea chakula. Zilpah alisikiliza kwa heshima. Bwana Masese ndiye aliyeguswa hasa. Macho yalimlegea.

"Ameketi tu?" aliuliza.

"Ameketi."

"Na chakula kinaletwa?"

"Kila siku."

Bwana Masese alivuta pumzi ndefu. Zilpah anasema alijua anachowaza, maana mwenyekiti wa chama chetu cha wavuvi aliishi hivyohivyo, tofauti ikiwa kwamba hakuna aliyemwona mtakatifu.

Siku ya kurudi pwani, Bwana Masese alitangaza kwamba amepata mwito. Moyo wake, alisema, umeguswa na dini ya watu hawa, na anaomba abaki juu kutafakari mpaka joto lipungue. Akajisahihisha upesi: mpaka moyo utulie. Noriko alitafsiri yote mawili. Mtawa mzee alimtazama, akatazama kitambi, akakubali.

Zilpah alirudi kwenye joto peke yake. Alijifunza kupima chumvi, kupanga trei, kujua upepo unaofaa. Alijifunza hata namna zile soya zinavyokaushwa na baridi ya mlima, ingawa kwetu hazina kazi. Siku ya kumi Bwana Masese aliteremka. Alikuwa amepungua. Suti ilimning'inia. Magoti ya suruali yalikuwa yameisha kabisa.

"Tafakari ilikuwaje, Bwana Afisa?" Zilpah aliuliza.

"Wanaamka kabla ya jua," alisema kwa sauti ndogo.

"Halafu?"

"Wanasugua sakafu. Ile sakafu, Mama Ken! Unapiga magoti, unasukuma kitambaa, unakimbia nacho mpaka mwisho wa ukumbi. Halafu unarudi. Halafu wanakaa kimya, miguu imekunjwa. Halafu sakafu tena."

"Na baridi?"

"Sikuisikia. Nilikuwa natoka jasho."

Walirudi nyumbani katikati ya Septemba. Tulimpokea Zilpah kwa nyimbo, na Jumapili akaitwa mbele kanisani kutoa ushuhuda. Mchungaji Jeremiah alitaka kusikia habari za giza la mataifa. Zilpah alisimulia alichokiona: watu wasafi, wanaosugua sakafu wenyewe, wasiomwuliza mgeni sadaka yake iko wapi kabla hajakaa. Benchi la wazee lilianza kukohoa. Halafu, kwa kuwa hajui kuruka hatua katika kusimulia, akafika kwa omena.

Mchungaji alisimama. "Subiri. Omena wetu waliombewa mbele ya sanamu?"

"Kila mmoja, Mchungaji."

"Na hao omena uliwatoa gunia gani?"

Kanisa zima lilijua kabla hajajibu. Mke wa mchungaji alikuwa ametusimulia jinsi omena wale walivyokuwa watamu, na jinsi walivyoliwa wote katika juma moja.

"Gunia lile lako," alisema Zilpah.

Baraza la wazee lilikaa siku tatu. Mimi niliandika kumbukumbu, kwa hiyo nasema nilichokisikia. Swali lilikuwa hili: maombi yakifanywa Japani juu ya omena wachache, je, yanawaambukiza na wenzao wa gunia moja? Mzee mmoja alisema yanaambukiza, kama kipindupindu. Mwingine alisema yasingeweza kuvuka bahari bila mtu wa kuyabeba. Wa tatu aliuliza, kwa upole wa hatari, kama mchungaji amejisikia tofauti tangu Agosti. Mchungaji alijibu kwamba hajajisikia tofauti hata kidogo. Mzee yule akasema hiyo ndiyo dalili inayomtia hofu.

Mwishowe waliamua kwamba omena walioliwa kabla ya kuombewa wenzao ni safi, na kwa kuwa mchungaji alikula upesi, ameokolewa na ulafi. Hawakutumia neno hilo, waliandika "bidii". Zilpah, hata hivyo, alitengwa miezi mitatu: asiimbe, akae benchi la nyuma kabisa.

Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta anachonga miguu ya kichanja.

"Umeumia, nyamera?" nilimwuliza, kwa maana yeye ni dada kwangu.

"Kutoimba kutanisumbua," alisema. "Lakini lile benchi liko mlangoni, Phelesia. Unajua kule mbele tunavyoungua chini ya yale mabati? Huku nyuma upepo wa ziwa unaingia." Akacheka, kisha akafuta macho, na sikuweza kujua kipi kilikuwa cha kweli. Nadhani vyote.

Wakati huo Bwana Masese alikuwa ameandika ripoti ya kurasa arobaini. Samaki walitajwa ukurasa wa pili. Zilizobaki zilihusu umuhimu wa maafisa kupanda milima. Alipendekeza "mafungo ya kutafakari maendeleo", wakubwa wapande kilima kimoja cha upande wa Gwassi kila msimu wa jua kali, wakatulie. Pendekezo lilipita haraka kuliko pendekezo lolote la maji ya bomba. Januari walipanda na Landrover nne, mbuzi, makreti ya bia na mahema. Mchungaji Jeremiah alialikwa kufungua kwa maombi, akaenda, akakaa siku zote tatu kuhakikisha maombi yamefunguka vizuri. Sakafu ya kusugua haikuwapo. Waliporudi walisema wametafakari sana na kwamba watahitaji kurudi.

Sisi akina mama tulijenga vichanja. Mvua ya Machi ilipokuja, omena wa visiwa vingine waliozea mchangani, wetu tuliwafunika kwa karatasi ya nailoni, tukawafunua jua lilipotoka. Wachuuzi wa Homa Bay walianza kuulizia "omena wa Japani". Hatukuwasahihisha. Mke wa mchungaji naye alikuja kununua, akauliza kwa kunong'ona kama hawa wameombewa. Zilpah alimwambia bado. Yule mama akaonekana kama aliyepunguziwa kitu.

Mwaka uliofuata barua nyingine ilifika: mwanamke mmoja, na afisa mmoja. Bwana Masese alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishwa, na mahali pake palikuwa na kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aitwaye Mayaka. Aliita baraza ufuoni, akatueleza kwamba safari hii, kwa kupunguza usumbufu, ataenda afisa peke yake, halafu atakuja kutufundisha.

Watu walipiga makofi kama tulivyozoea. Zilpah alisimama. Adhabu yake ilikuwa imekwisha zamani, na sauti ilikuwa imerudi.

"Bwana Mayaka, umewahi kuanika omena?"

"Mama, mimi nina diploma."

"Nimesikia. Umewahi kuanika?"

"Bado."

"Basi sida iko hapo. Kule hawaanzi na mtu ambaye hajui harufu. Njoo hapa kesho mapema, mitumbwi ikitua. Uanike nasi siku moja tu, halafu uende, hatutakuzuia."

Watu walicheka, naye akacheka nao, na kila mtu alidhani yameisha. Lakini kesho yake Mayaka alikuja. Sijui ni aibu au ni ujana. Alivua viatu, akakunja suruali, akabeba beseni kutoka mtumbwini hadi vichanjani, akarudi, akabeba tena. Zilpah hakumwonea huruma wala hakumdhihaki. Alimwonyesha namna ya kutandaza kwa mkono ulio wazi ili samaki wasilaliane. Saa nne jua lilipokuwa kali, alimpa maji na kigoda, akamwambia apumzike. Mayaka alikataa kukaa. Aliuliza wanageuzwa saa ngapi.

Siku ile jioni aliandika jina jipya kwenye fomu, na kwa mkono wake mwenyewe akafuta lake. Alikwenda Risper, binti wa jirani yangu, pamoja na afisa wa samaki, mtu wa samaki hasa. Zilpah alimsaidia kufunga mizigo. Alitoa blanketi begini, akatoa sweta zote mbili, akamwambia abebe nguo nyepesi.

"Na wakinipeleka kwenye ule mlima?" Risper aliuliza.

"Nenda," alisema Zilpah. "Lakini zawadi, beba mahindi."